"Katika Ulimwengu wa Roho": Msemo Ulikotoka na Vita Vilivyokuja Nao

Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la maombi, au fungulia mkesha wa Ijumaa laivu YouTube, dakika tano haziishi hujasikia maneno haya: "katika ulimwengu wa roho". Biashara imekwama? Kuna kitu katika ulimwengu wa roho. Mchumba kaingia mitini wiki mbili kabla ya harusi? Kuna mtu kafunga kitu katika ulimwengu wa roho. Hata timu ikifungwa, kwenye komenti lazima atokee mmoja wa kusema mechi iliisha zamani katika ulimwengu wa roho, uwanjani walikwenda kukamilisha ratiba tu.

Wengi wanaoutumia msemo huu wanadhani ndivyo Biblia inavyosema duniani kote. Si hivyo. Pale Waefeso sura ya 6 mstari wa 12, ambapo Wakristo wanaambiwa kwamba adui yao si binadamu mwenye nyama na damu, Kigiriki cha asili kinazungumzia mahali pa mbinguni, huko juu. Neno hilohilo limetokea mara tano kwenye barua hiyo moja. Biblia nyingi za Kiingereza zimebaki huko huko juu. Ni Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, iliyoweka mara zote tano "ulimwengu wa roho".

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mbinguni ni mbali. Ulimwengu ni mahali penye wakazi, barabara, wakubwa, mipaka na shughuli. Msomaji wa Kiswahili akapewa nchi nzima ya pili iliyopo papo hapo alipo, ila yeye hana viza ya kuingia. Na nchi ambayo huwezi kuingia, lazima uwe na mtu wa kukuletea habari zake. Kumbuka hilo, maana ndilo lililokuja kuwapa kazi watu wengi.

Pepo walikuwepo kabla ya mmisionari

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baadaye Unguja, Askofu Edward Steere akalifanyia kazi Agano Jipya kabla hajafariki mwaka 1882. Hawa hawakukuta lugha tupu. Walikuta watu wa Pwani wana shetani tayari, kutoka Kiarabu cha Uislamu. Walikuta majini, ambao kwa Mwislamu si wote wabaya, maana wapo majini wanaoswali. Na walikuta pepo, neno lenye undugu na upepo, sawasawa na Kigiriki na Kiebrania ambako roho na upepo ni neno moja. (Hapohapo kwenye pepo ndipo tulipopata peponi, mahali ambapo kila mtu anataka kwenda. Kiswahili kina vituko.)

Ila pepo wa Pwani hawakuwa jeshi la mtu mmoja anayeitwa Shetani. Walikuwa na makabila, lugha na tabia zao. Unguja mpaka leo kuna ruhani, ambao ni Waislamu na wanapenda udi na marashi. Kuna kibuki wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, ambao huhesabiwa kuwa ni Wakristo na kinywaji chao ni brandi. Ndiyo, umesoma vizuri: pepo Mkristo.

Mtu akipandwa, mganga hakuanza kwa kupiga kelele. Aliuliza maswali. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Pepo akajibu kupitia kinywa cha mgonjwa, akataja nguo, pete, chakula au ngoma ya siku kadhaa. Familia ikatafuta pesa, ngoma ikapigwa, mapatano yakafikiwa. Mara nyingi pepo hakuondoka kabisa. Alitulia, akabaki kama mpangaji mwenye mkataba. Watafiti wengi wameona pia kwamba wengi waliopandwa walikuwa wanawake, na kwamba pepo alipata kusema mbele ya mume na wakwe mambo ambayo mke mwenyewe asingethubutu kuyasema.

Mmisionari aliwachukua wote hawa, mwema na mkorofi, mwenye ubani na mwenye brandi, akawaweka kwenye kapu moja lililoandikwa Shetani. Mazungumzo yakaisha. Huwezi kukaa mezani na adui wa Mungu ukamuuliza anapenda nguo ya rangi gani. Neno la zamani, kupunga pepo, likaachiwa waganga. Kanisani likaingia kukemea, kutoka kwenye Injili ambako Yesu anakemea pepo na anakemea hata dhoruba. Ukisikiliza vizuri mkesha wa leo, hapo ndipo mpaka ulipo kati ya mchungaji na mganga. Japo kuna wachungaji siku hizi wanaomuuliza pepo jina, kabila na aliingiaje, kipaza sauti kikiwa mdomoni kwa mgonjwa. Mganga wa zamani angewatambua mara moja.

Wazungu walileta pepo, kisha wakaona aibu

Kuna uongo mmoja wa mtandaoni unaosema mambo ya kutoa mapepo yameletwa na Wapentekoste juzijuzi. Historia inakataa. Katikati ya karne ya 3, barua ya Papa Kornelio wa Roma ilitaja wapunga pepo miongoni mwa watumishi wa kanisa lake, kama vile leo kanisa lina wahasibu na walinzi. Karne ya 4, Askofu Athanasius wa Alexandria aliandika maisha ya Antoni, mkaa pweke wa jangwa la Misri, na kitabu kimejaa mapigano na mashetani wanaokuja kwa sura za wanyama. Na kila Mkatoliki anayebatizwa mpaka leo huulizwa kama anamkataa Shetani.

Kilichotokea ni kwamba wamisionari wengi wa karne ya 19 walitoka Ulaya iliyokuwa inaanza kuona haya kuhusu habari hizi. Mahubiri yao yalimtaja Shetani kila Jumapili. Ila muumini alipokuja Jumatatu kusema mwanangu kapandwa, alipewa kwinini na ushauri. Kwa hiyo mtu akabatizwa, akaimba kwaya, na usiku akaenda kwa mganga kupitia njia ya nyuma. Miaka mingi makanisa makubwa yaliishi na siri hiyo, na kila mtu aliijua.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Bukoba ulipasua sehemu ya ukimya huo. Watu walitubu hadharani, walichoma hirizi. Lakini adui mkuu wa wale wa Uamsho alikuwa dhambi ya mtu mwenyewe: umeiba, umezini, umemchukia ndugu yako, simama useme. Pepo hakuwa kisingizio. Hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu kwa leo mambo yamegeuka: aliyezini ana "roho ya uzinzi", na anayeombewa ni yeye, si aliyesalitiwa.

Aliyelifungua hasa jambo hili Tanzania ni mlei wa Kianglikana, Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku. Kati ya mwaka 1972 na 1975 alihubiri, akaombea wagonjwa na kutoa pepo, na umati ukamfuata, Wakristo kwa Waislamu. Hakuwa mchungaji. Alifariki 1975 na huduma yake ikaendelea bila yeye. Miaka hiyohiyo, jirani Zambia, Askofu Mkuu wa Lusaka, Emmanuel Milingo, naye alianza kuombea waliopandwa na pepo. Roma haikufurahi. Mwaka 1982 aliitwa huko, na mwaka uliofuata akaacha uaskofu wa Lusaka. Yaliyomkuta baadaye, pamoja na ndoa ya mwaka 2001, ni filamu nyingine kabisa.

Nigeria, Marekani, na chini ya bahari

Mwaka 1986, Mmarekani Frank Peretti alitoa riwaya kuhusu mji mdogo ambao malaika na mapepo wanaupigania angani huku watu chini wakiomba. Iliuza mamilioni, na Wakristo wengi wakaanza kuisoma kama ramani badala ya hadithi. Mwaka 1987, Nigeria, Emmanuel Eni alitoa kijitabu cha ushuhuda kuhusu maisha yake ya zamani ndani ya nguvu za giza. Humo kuna mwanamke tajiri, kuna mji chini ya bahari, na kuna maabara huko chini ambako magari, nguo na vipodozi vya kisasa vinabuniwa ili kuwanasa binadamu.

Kijitabu hicho kilisambaa Afrika yote inayosoma Kiingereza. Kama umewahi kuhubiriwa kwamba wigi, kucha za bandia au cheni fulani zimetoka kuzimu baharini, sasa unajua ushahidi huo ulipopita. Kisha mwaka 1992 ikaja "Living in Bondage", filamu iliyofungua mlango wa Nollywood: mume anamtoa mkewe kafara ili atajirike, mzimu wa mke unamrudia, na anayemwokoa mwishoni ni kanisa. Kanda za aina hiyo ziliingia Dar na Nairobi kwa maelfu, na Bongo Movie ikazaliwa ikiwa imeshaziangalia.

Upande wa Marekani, kundi la walimu waliomzunguka Peter Wagner wa Fuller Seminary, California, lilikuja na jambo jipya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walisema kila mji, kila eneo, lina pepo mkuu anayelitawala. Kazi ya waombaji ni kufanya upelelezi, kumtambua kwa jina, kumng'oa. Vita ikawa na ramani. Na mfano wao maarufu kuliko yote barani Afrika ulitoka Kiambu.

Mama wa Kiambu

Simulizi inakwenda hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mchungaji mmoja na mke wake wanaamua kuanzisha kanisa Kiambu, mji ulio karibu kabisa na Nairobi lakini wenye sifa mbaya ya ulevi na uhalifu. Kabla ya kuhubiri, wanafunga na kuomba miezi kadhaa wakitaka kujua ni roho gani inaushikilia mji. Jibu wanalolipata ni uchawi, na uchawi huo una anwani: mama mmoja mwenye kituo chake cha tiba mjini, anayeaguliwa na wakubwa. Karibu na kituo hicho, inasemwa, ajali za kuua hutokea kila mwezi.

Kanisa linaanza katika chumba cha chini cha duka. Maombi hayakatiki. Mchungaji anatangaza kwamba mama huyo aokoke au aondoke. Ajali nyingine inatokea, watu wanakasirika, wanataka kumpiga mawe. Polisi wanaingia nyumbani kwake, wanakuta chatu, wanampiga risasi. Mama anaondoka. Kiambu inatulia, baa zinafungwa, kanisa linajaa.

Simulizi hii ndiyo iliyoingia kwenye filamu ya mahubiri iitwayo "Transformations", ya mwaka 1999, pamoja na miji ya Colombia, Guatemala na Marekani. Ilionyeshwa makanisani duniani kote. Mchungaji akawa mgeni wa kualikwa. Mwaka 2005 alikuwa Wasilla, Alaska, ambako alimwombea mwanamama mmoja mwanasiasa, akimsihi Mungu amkinge na kila aina ya uchawi. Mwanamama huyo akawa gavana, na mwaka 2008 akateuliwa mgombea mwenza wa urais wa Marekani. Klipu ya maombi ikafukuliwa, na kwa wiki kadhaa televisheni za Marekani zikawa zinajadili uchawi wa Kiambu.

Jaribu kuiangalia simulizi hiyo kwa macho ya aliyefukuzwa. Kwenye toleo lililozunguka dunia, yeye hana mstari hata mmoja. Haulizwi. Ajali za barabarani, kwenye mji wa Kenya wa miaka ya 1980, zenye matatu, ulevi na barabara zile, zimepata mhusika mmoja, naye ni mwanamke anayeishi kwa tiba. Umati ulikuwa tayari na mawe mkononi. Waefeso 6:12 inaanza kwa kusema adui si nyama na damu, na hapa, mwisho wa maombi yote, aliyeondolewa mjini ni mtu mwenye nyama na damu. Anayetaka kujua kwa nini vikongwe wenye macho mekundu Shinyanga na Kisii wanalala kwa hofu hahitaji kwenda mbali. Kule hakuna filamu wala mwaliko wa Alaska, ni panga tu.

Hiyo haimaanishi walioamini walikuwa wajinga. Kiambu ilikuwa na uhalifu kweli, na kanisa lile liliwapa watu kitu ambacho polisi na chama tawala hawakuwapa: maelezo, na kazi ya kufanya kila usiku. Mtu aliyezika ndugu watatu barabarani hataki takwimu. Anataka kujua kwa nini wa kwake.

Serikali nayo ikaamini

Hadi katikati ya miaka ya 1990, Kenya nzima ilikuwa inanong'ona kuhusu waabudu Shetani. Uchumi ulikuwa mbaya, siasa za vyama vingi zilikuja na damu, na utajiri wa ghafla wa watu fulani haukuwa na maelezo yanayosemeka. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi akaunda tume ya uchunguzi wa ibada ya Shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nyeri, Nicodemus Kirima. Wajumbe wengi walikuwa viongozi wa makanisa makubwa.

Ripoti ilikabidhiwa 1995, ikakaa kabatini, ikatolewa hadharani 1999. Ndani yake kuna masimulizi ya mauaji ya kafara, kula nyama za watu na miujiza inayofanywa kwa nguvu za giza. Kuna pia tuhuma kwamba waabudu Shetani wamepenya ndani ya makundi kama Mashahidi wa Yehova, Wamormoni na Christian Science, na kuyafanya milango ya kuingilia. Angalia nani yuko ndani ya orodha na nani yuko mezani anaiandika. Makanisa makubwa yaliandika. Madogo yenye asili ya kigeni yakaandikwa. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990, kashfa ya Goldenberg ilikuwa imekamua mabilioni ya shilingi za Wakenya kwa dhahabu iliyokuwa kwenye makaratasi tu, na hiyo haikuhitaji pepo hata mmoja.

Dar zamu yake ilikuja miaka ya 2010 kwa jina la Freemason. Chama hicho kina jengo lake katikati ya jiji na historia inayoanzia London 1717, na mfanyabiashara mkongwe aliyekiongoza hakujificha hata siku moja. Haikusaidia. Staa mmoja wa Bongo Movie alipofariki ghafla Aprili 2012, magazeti ya udaku yalikuwa na jibu kabla ya mazishi. Nguzo za umeme zikajaa karatasi zenye namba za simu: jiunge Freemason, pata utajiri. Vijana walituma "ada ya uanachama" kwa matapeli. Yaani hofu ya kanisani ikawa tangazo la biashara mtaani, maana ukimwambia kijana asiye na kazi kila siku kwamba matajiri wote wameuza roho, ipo siku atauliza bei.

Mafuta na msitu

Siku ya tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, mhubiri maarufu aliwaalika watu wapite wakanyage mafuta ya upako. Watu walikimbilia mlango huo kwa pamoja. Ishirini walikufa. Walikuwa wamekuja kutafuta kile kile alichokitafuta mgonjwa wa ngoma ya pepo karne iliyopita: afya, ndoa, kazi, mtoto, kufunguliwa.

Na mwaka 2023 ikaja Shakahola, msitu wa kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Mhubiri anayeshtakiwa pamoja na wenzake walikana mashtaka. Alikuwa ameshajulikana tangu 2017, alipokamatwa kwa tuhuma za kuwazuia watoto wasiende shule. Kwenye mafundisho yaliyoripotiwa, shule, hospitali na kitambulisho cha serikali vyote vilikuwa upande wa Shetani. Ukishaamini hivyo, ulimwengu wa roho umeumeza huu mwingine wote. Hakuna daktari wala mwalimu wala chifu unayeweza kumkimbilia, maana wote ni majeshi ya adui. Anabaki mmoja tu mwenye ramani.

Mei mwaka huo Rais William Ruto aliunda tume ya uchunguzi, ambayo Mahakama Kuu iliisimamisha, na kikosi kazi cha kupendekeza namna ya kuyasimamia mashirika ya dini. Kama mwaka 1994, mwenyekiti wa kikosi kazi alikuwa mtumishi wa kanisa, Mchungaji Mutava Musyimi. Safari hii waliokuwa wanachunguzwa ni wahubiri. Kikosi kilikabidhi ripoti yake Julai 2024, na mvutano kuhusu nani mwenye haki ya kumpa au kumnyima mchungaji kibali ukaanza upya, makanisa mengi yakipinga.